Kazi za Mikono: Gogo la Mpingo na Fundi wa Vitanda

Barua za juma hili zilikuwa nyingi, na zaidi ya nusu yake zauliza habari za kuku na za mashine za kukamua alizeti. Hizo zitajibiwa kwa zamu yake. Leo nimechagua barua moja iliyotoka upande wa Manyoni, kwa kuwa jambo lililomo haliwezi kungoja.

Mwandishi wake ni seremala. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kukereza miguu ya vitanda na ya makochi. Asema mashine yake ya kukerezea aliiunda mwenyewe kwa mota na vyuma chakavu, nayo yafanya kazi vizuri. Ila wateja wamepungua, maana siku hizi watu wanunua vitanda vya chuma kwa wachomeleaji. Ana watoto wanne shuleni. Basi ameazimia kukereza mabakuli na vyombo vya mezani vyenye nakshi, auze mjini na kwa wasafiri wa barabara kuu. Amekwisha jaribu mabakuli matatu ya mti wa kawaida, na yote matatu yamepasuka. Sasa amenunua kwa mchoma mkaa gogo moja la mpingo, kipenyo chake sentimita 25, urefu mita moja na robo. Auliza mambo mawili: afanyeje ili bakuli kubwa atakalolikereza katika gogo hilo lisipasuke, na nakshi gani alitie ili lipate bei nzuri.

Mimi si fundi wa mashine. Kazi yangu ni kalamu na vitabu vya parokia. Lakini katika chuo cha ualimu tulifundishwa stadi za kazi, na tangu hapo sijaacha kukaa katika karakana za mafundi, nikitazama na kuuliza, hata wengine wamenichoka. Niliyoyaona kwao na niliyoyasoma ndiyo nitakayoyasema.

Kwanza jibu, kisha sababu. Ndugu fundi, gogo hilo usilikereze bakuli. Likate vipande vidogo, uviweke vizuri, uvitumie kidogo kidogo kupamba vyombo vya mti mwingine. Gogo zima kwa bakuli moja ni hasara hata kama bakuli halikupasuka. Na hilo litapasuka.

Mpingo twaujua sote kwa sura, maana wamea katika pori letu kavu kama umeavyo Dodoma, Lindi na Mtwara. Ni mti mfupi, wenye miiba, mara nyingi umepinda na kutoa mashina mengi. Mgeni hawezi kudhani kwamba una thamani. Fahari yake imo ndani. Chini ya ganda kuna mbao nyembamba ya rangi ya manjano, kisha moyo mweusi wenye dalili ya zambarau. Ukitia kipande cha moyo huo majini chazama, kwa kuwa mita moja ya ujazo hupata kilo 1,200 au zaidi, na maji ni kilo 1,000. Tena hukua polepole mno. Wataalamu wa misitu wasema huchukua miaka 70 hata 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kwa hesabu hiyo gogo la fundi wetu liliota zamani za Waingereza, na mtu alilikata kwa muda wa asubuhi moja ili alichome mkaa, kwa sababu moto wake ni mkali.

Mti huo huo ndio wanaoutafuta watengenezaji wa kilarineti na obo huko Ulaya, na wale wa zumari za mifuko za Waskoti. Hao huchagua sana. Katika viwanda vya kupasulia, sehemu kubwa ya kila gogo hutupwa kwa ajili ya mafundo, nyufa na upindo. Kinachofaa kwa ala za muziki mara nyingi hakifiki hata sehemu moja ya kumi. Kumbe vipande vilivyotupwa, vya ukubwa wa kidole au wa ngumi, ndivyo hasa vimfaavyo mkerezaji wa vyombo vidogo. Hapo ndipo ninapotaka kumfikisha ndugu yetu.

Lakini kabla ya patasi kuna karatasi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuvuna wala kusafirisha mpingo bila kibali, na gogo lililonunuliwa kwa mchoma mkaa bila risiti laweza kukamatwa pamoja na wewe. Nenda kwa ofisi ya misitu ya wilaya, au kwa Wakala wa Huduma za Misitu, ukaeleze ulivyolipata kabla hujalitia msumeno. Huenda ukaambiwa ulipe, huenda likachukuliwa. Afadhali kupoteza gogo moja kuliko kupoteza karakana. Wala usidhani mpingo wa halali haupatikani. Huko Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilipewa mwaka 2009 hati ya kimataifa ya kuthibitisha kwamba vyatunza msitu wao vizuri na kuuvuna kwa kiasi, navyo vyauza mpingo wao bila hofu.

Sasa habari ya kupasuka, maana ndiyo iliyokula mabakuli matatu.

Mti mbichi umejaa maji. Ukikatwa maji hutoka, na mti husinyaa. Lakini hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wake hausinyai karibu hata kidogo. Kutoka katikati kwenda nje husinyaa kiasi. Kwa kufuata mzunguko wa pete zake husinyaa karibu mara mbili ya hapo. Fikiri basi gogo zima lenye kiini chake katikati. Mzunguko wataka kufupika kuliko upana unavyouruhusu, kama mkanda uliokazwa juu ya tumbo lisilotaka kupungua. Mkanda hukatika, nao ndio ufa uuonao, mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, ukielekea kwenye kiini.

Mchongaji wa kinu alijua jambo hili pasipo kufundishwa darasani. Huchimba katikati ya gogo, na kwa kuchimba huko kiini huondoka karibu chote, kuta zikapata nafasi ya kujivuta. Wewe fundi umezoea miguu ya vitanda, ambayo ni miti myembamba iliyosimama kwa urefu wake, tena mara nyingi imepasuliwa katika mbao zilizokwisha kauka. Bakuli ni jambo lingine.

Na hapa kwetu kuna adui wa pili. Mvua ya Singida kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 800 tu, na toka Mei hata Novemba hewa ni kavu na upepo haukomi. Bakuli bichi likiachwa juu ya benchi karibu na dirisha hukauka nje upesi huku ndani lingali na maji. Usiku mmoja watosha kuliharibu.

Fanya hivi. Chukua gogo la mninga lililopatikana kwa halali, kwa kuwa mninga husinyaa kidogo kuliko miti mingi nao ni rafiki wa patasi. Ukiwa bado wajifunza, tumia jakaranda au mwembe, ingawa mwembe huliwa na wadudu upesi. Lipasue gogo katikati kwa urefu, msumeno upite katika kiini chenyewe, na ukiondoe chote. Katika nusu moja ukate bakuli lako, mdomo wake ukiwa upande wa ndani ya gogo au upande wa ganda, upendavyo. Likereze lingali bichi, lakini usilimalize. Acha kuta ziwe nene, sehemu moja ya kumi ya upana wake: bakuli la sentimita 30 liwe na ukuta wa sentimita 3, na kitako kiwe na unene uo huo. Ukuta ukiwa nene kwa chini na mwembamba kwa juu, umekaribisha ufa mwenyewe.

Kisha paka nta iliyoyeyushwa mahali nyuzi za mti zilipokatwa kwa kichwa, maana ndiko maji hutoka haraka. Lifukie bakuli katika maranda yake mwenyewe, ndani ya gunia au mfuko wa karatasi, usitumie wa plastiki, na uliweke mahali pasipo upepo. Kila juma lipime kwa mizani ya dukani, uandike uzito kwa penseli ndani ya bakuli lenyewe. Mwanzo utashuka upesi, kisha polepole. Uzito ukisimama majuma matatu bila kubadilika, mti umekauka sawa na hewa ya kwenu. Hiyo yaweza kuwa miezi minne au zaidi. Bakuli utaliona limegeuka umbo la yai kidogo. Usiogope, ndiyo sababu ya kuacha kuta nene. Lirudishe mashineni, ulikereze mara ya pili hata liwe duara tena na jembamba.

Najua miezi minne ni mingi kwa mtu anayelipa ada za shule. Kwa hiyo usianze na bakuli moja, anza na mabakuli kumi, kila juma mawili, huku ukiendelea na miguu ya vitanda kwa wale wateja waliobaki. Baada ya miezi hiyo kila juma litakuwa na mabakuli mawili yaliyo tayari.

Habari ya nakshi naipenda zaidi, nami nitasema kwa wazi ninavyoona. Chombo kilichokerezwa kina pambo lake tayari, nalo ni mstari wa ubavu wake. Kiweke juu ya meza, ufunge jicho moja, ukitazame kwa upande mbele ya ukuta mweupe. Mstari ukishuka kutoka mdomoni hadi kitakoni bila kigugumizi, chombo ni kizuri hata bila nakshi. Ukiwa na kigongo au bonde pasipotakiwa, nakshi itamwita mtazamaji aje aone kosa lilipo. Nimeona vyombo vilivyojazwa maua, twiga na majina ya miji toka juu hata chini, na mnunuzi akivigeuzageuza asijue atazame wapi.

Pambo la kwanza ni lile litokalo mashineni. Kata mifereji miwili myembamba chini ya mdomo, karibukaribu. Kisha chukua waya mwembamba wa chuma, funga kila ncha kwenye kipande cha mti kiwe mshikio, wala usiuzungushe kamwe vidoleni. Mota ikizunguka kaza waya ndani ya mfereji. Msuguano huleta joto, moshi mdogo hutoka, na baada ya sekunde chache mstari mweusi umejichoma, umenyooka kuliko mkono wa mtu uwezavyo kuchora. Hauchujuki, haubanduki, na gharama yake ni waya tu.

Watu wa Pwani wana neno hili kukereza tangu zamani, na miguu ya vitanda vya samadari yashuhudia kazi hiyo. Ng'ambo ya bahari, huko Sankheda katika Gujarat na Channapatna katika kusini ya Bara Hindi, wakerezaji hupaka rangi kwa namna ya ajabu. Fundi hashiki brashi. Hushika kijiti cha lakiri yenye rangi, akakikaza juu ya mti unaozunguka; msuguano huyeyusha lakiri, nayo huenea juu ya mti kama samli juu ya chapati ya moto. Kisha huilainisha kwa jani la mkadi, hata ing'ae. Ni akili ile ile ya waya: mwendo wa mashine wenyewe ndio moto.

Karibu nasi zaidi, Wakamba wa Kenya walijulikana kwa vigoda vya miguu mitatu vilivyopigiliwa nyuzi nyembamba za shaba juu ya kikalio, mistari na miduara, zikaingia ndani ya mti hata mkono usizihisi. Kazi hiyo haikuhitaji mashine. Inahitaji nyundo ndogo, waya, subira, na kujua wapi pa kukoma. Sehemu kubwa ya kikalio iliachwa wazi, na ndiyo maana shaba ilionekana.

Na sasa mpingo. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, mjini London, jamaa ya Holtzapffel ilianza kuunda mashine za kukerezea za namna ya pekee, kwa ajili ya watu wenye fedha waliopenda kazi hii kuwa burudani yao. Hata mfalme Petro Mkuu wa Urusi alikuwa amejifunza kukereza, zamani kabla ya hapo. Katika mashine hizo chombo hukerezwa kwanza kama kawaida, kisha husimamishwa. Sasa kisu kidogo ndicho kinachozunguka, kikachonga kijishimo kimoja. Chombo hugeuzwa kidogo, kikachongwa kingine, na kingine, hata mzunguko wote ujae maua au nyota zilizo sawasawa. Ili kugeuza kwa kipimo, palikuwa na sahani ya shaba yenye duara za matundu, duara moja ya matundu 144, nyingine 120, nyingine 96. Wakerezaji hao walijaribu miti ya dunia nzima na pembe za ndovu pia, nao waliuhesabu mpingo wa Afrika kuwa katika miti iliyo bora kabisa kwa nakshi ndogo. Nyuzi zake ni laini na zimebanana, ncha ya nakshi haivunjiki, hata hesi ya kifuniko hukatika ndani yake kama ndani ya chuma.

Ufundi huo haujafa. Mmoja wa waufuatao ni James Harris wa Texas, Marekani. Aliona filamu iitwayo The Tree of Music, iliyomwonyesha Mtanzania Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea kutoka Kilimanjaro, akieleza jinsi mpingo unavyopungua. Harris alikuwa akiutumia mti huo karakanani mwake, basi akamwandikia. Mwaka 1996 wakaanzisha pamoja mradi uitwao African Blackwood Conservation Project, na miche ya mpingo ikaoteshwa katika vitalu vya Moshi na kupandwa na vikundi na watoto wa shule. Chuwa alitunukiwa katika tuzo za Rolex mwaka 2002, akafariki mwaka 2014. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba ilianzia kwa mkerezaji aliyetazama kipande mkononi akauliza kimetoka wapi.

Basi wewe huna sahani ya shaba yenye matundu 144. Huihitaji. Chukua ukanda wa karatasi, uuzungushe chombo mara moja, ukate mahali ncha zikutanapo. Ukunje katikati, tena katikati, tena katikati: umepata sehemu 8 zilizo sawa, mkunjo mmoja zaidi, 16. Ukitaka 6, chora kwa bikari duara lenye upana wa mdomo wa chombo, na bila kubadili bikari pima juu ya duara hilo. Itaingia mara sita kamili. Kila sehemu ukiigawa mara mbili utapata 12, tena 24. Mwalimu wa hesabu anayesoma ukurasa huu na awaonyeshe wanafunzi wake.

Sasa toboa kwa keekee matundu madogo kwenye alama hizo, chini kidogo ya mdomo wa bakuli la mninga lililokwisha kauka, kila tundu lisivuke nusu ya ukuta. Kereza kijiti cha mpingo chenye unene wa tundu, kikate vipande, upanguse kila kipande kwa spiriti kwa kuwa mpingo una mafuta yake ya asili yasiyopatana na gundi, kisha upachike. Gundi ikikauka rudisha bakuli mashineni ukate vichwa vilivyojitokeza. Utapata nukta 24 nyeusi kama shanga juu ya mti mwekundu. Kwa chombo chenye kifuniko, kishikio cha mpingo peke yake chatosha.

Tuhesabu. Gogo lako lina ujazo wa sentimita za ujazo 61,000 hivi. Kishikio kimoja chahitaji kipande cha sentimita 4 kwa 4 kwa 6, yaani 96. Hata robo tatu za gogo zikipotea kwa nyufa, mbao ya manjano na meno ya msumeno, utapata vishikio zaidi ya 150. Vyombo 150, badala ya bakuli moja lenye ufa. Vipande hivyo vikate mapema, vipake nta vichwani na kuviweka kivulini. Mpingo hukauka polepole kuliko mninga, na vipande vidogo hukauka kwa usalama.

Jambo moja lanichukiza, nami sitalificha. Wako watu wanaochonga mti mweupe, wakaupaka dawa ya viatu, wakamwuzia mgeni na kumwambia ni mpingo. Mgeni akifika kwao anapangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kitambaa chawa cheusi. Huyo hatanunua tena kwa mtu yeyote wa nchi hii. Kuutia mti weusi si dhambi: misumari yenye kutu ikilowekwa katika siki kwa siku kadhaa, maji yake huugeuza mti wenye ukakasi, kama jamii ya migunga, kuwa mweusi kweli. Lakini sema ni mgunga uliotiwa rangi, uuze kwa bei yake. Mnunuzi mwenye shaka na apime: kipande cha mpingo huzama.

Kwa kung'arisha, mpingo huhitaji kidogo sana. Shika konzi ya maranda yake mwenyewe, uikaze juu ya kipande kinachozunguka. Utaona uso unageuka kioo. Mninga upigwe msasa, kisha upakwe nta. Nta ya nyuki tunayo hapa kwetu, tena njema, wala hakuna sababu ya kununua vanishi ya mkebe kwa chombo cha chakula. Iyeyushe katika kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke juu ya moto wenyewe, uchanganye na mafuta kidogo. Watu waniuliza kama mafuta ya alizeti yafaa. Yafaa yakiwa machache na kupanguswa sana. Yakizidi hunata na kutoa harufu, kwa kuwa hukauka polepole mno.

Vumbi la mpingo ni baya kwa watu wengine; huwasha ngozi, hufanya macho yatoe machozi na kifua kubana. Funga pua na mdomo, vaa miwani, na watoto wasichezee maranda yake.

Kwa mgeni atakayechukua chombo hicho ng'ambo, mwambie ukweli kwamba kina mpingo ndani yake. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Vitu vidogo vilivyokamilika hupita kwa urahisi kuliko magogo, lakini mpe risiti yenye jina la mti na jina la karakana yako. Hata mnunuzi wa Singida mjini hupenda kuipata.

Habari ya bei siwezi kukutajia shilingi ngapi, maana sijaona kazi yako. Andika saa ulizotumia kwa kila chombo, pamoja na zile za kukereza mara ya pili, na bei ya umeme na ya mti. Wengi huhesabu mti na kusahau saa.

Ndugu fundi, nenda kwanza ofisi ya misitu. Ukirudi salama, weka bakuli la kwanza la mninga ndani ya maranda, kisha uniandikie uzito wake wa juma la kwanza na wa juma la nne, nami nitauchapa hapa ili wenzako walinganishe na yao. Wasomaji wengine wenye mashine za kukerezea, hasa wa Iramba na Ikungi, watuambie mti gani wa kwao haupasuki. Juma lijalo ni zamu ya kuku.